Hesabu Bidoni Kabla ya Kupanda Tomate

Mwezi huu zamu ya kuandika imemwangukia mwalimu, na wengi watangoja nizungumze juu ya mitihani. Nitazungumza juu ya maji ya mboga. Msishangae. Wakati wa kiangazi, ninapoita majina asubuhi na mtoto haitiki, wenzake hawasemi "ni mgonjwa." Wanasema, "Mwalimu, yuko kwenye robine." Kwa hiyo maji ya mboga ni habari ya shule pia.

Wengi wetu tumetoka mahali ambapo mvua haina shida. Mimi ni mtoto wa Masisi. Baba yangu alilima kabichi na karoti mlimani, na sikumwona hata siku moja akibeba maji kwenda shambani. Hakuna aliyeuliza kabichi inakunywa lita ngapi, sababu mvua ilikuwa inatufanyia hesabu hiyo. Hapa Isingiro ni nchi nyingine. Tuko ndani ya ule ukanda wa ng'ombe wa Uganda, nchi ya nyasi na jua. Mvua inakuja mara mbili kwa mwaka: mwezi wa tatu mpaka wa tano, halafu mwezi wa tisa mpaka karibu wa kumi na mbili. Katikati kuna kiangazi kifupi cha mwezi wa kwanza na wa pili, na kile kirefu cha mwezi wa sita, wa saba na wa nane. Mtu akilima hapa kwa akili ya Masisi, shamba litamshinda, na si kwamba ni mvivu.

Tena shamba siku hizi si mchezo. Aprili 2020 msaada wa chakula ulipunguzwa kufikia 70 kwa mia, Februari 2021 ukafika 60 kwa mia, na tangu 2023 tumegawanywa katika makundi, wengine wanapata zaidi, wengine kidogo, wengine hakuna. Tuta la lengalenga nyuma ya nyumba lililokuwa kitu cha kuongeza ladha limekuwa chakula chenyewe. Kwa sababu hiyo naomba tuhesabu pamoja. Hesabu hii naifanya na wanafunzi wangu wa P5, kwa hiyo kila mzazi anaiweza.

Tuanze na kipimo. Mvua inapimwa kwa milimita. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili ya maji. Chora chini mraba wa mita moja kwa mita moja, umwage lita moja na uisambaze sawasawa, basi umenyesha mvua ya milimita moja. Ukielewa hapo, mengine yote ni kuzidisha.

Sasa mboga inataka milimita ngapi? Jua na upepo vinavuta maji kutoka udongoni na kutoka kwenye majani kila siku. Katika nchi ya joto la wastani kama yetu, wakati wa kiangazi, ni kama milimita 4 mpaka 6 kwa siku. Mimi natumia 5, ni rahisi kwa hesabu. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa kitabu mwaka 1998 kinachoonyesha namna ya kupata hitaji la kila zao: unachukua maji yanayovutwa na jua na upepo kwenye majani mafupi yaliyoshiba maji, halafu unazidisha kwa namba ya zao lenyewe, kufuatana na umri wake. Tomate ikiwa changa namba yake ni 0.6. Ikifunga maua na matunda inapanda mpaka 1.15. Ikikaribia mwisho inashuka kama 0.8. Kabichi na kitunguu vinaanza na 0.7 na kufika 1.05 vikiwa vimekomaa majani.

Kwa hiyo mita moja ya mraba ya tomate changa inataka lita 3 kwa siku. Ikiwa na maua na matunda inataka karibu lita 6. Mwishoni lita 4. Ona vizuri: shamba ni lile lile, miche ni ile ile, lakini kazi ya maji imekuwa mara mbili. Hapo njo watu wengi wanapoanguka. Mwezi wa kwanza wanabeba maji bila shida, wanafurahi, halafu maua yanatoka na mikono inachoka wakati uleule mmea una kiu zaidi.

Siku moja niliwapa wanafunzi swali hili. Familia imepimiwa kipande cha mita 30 kwa 30, kama vile wengi wetu tulivyopimiwa. Wakitaka kukipanda mboga chote wakati wa kiangazi, watahitaji bidoni ngapi za lita 20 kwa siku? Mita 900 za mraba mara lita 5 ni lita 4,500. Gawa kwa 20: bidoni 225. Kila siku. Darasa zima lilicheka. Kisha mtoto mmoja msichana akaacha kucheka, akaanza kuandika hesabu nyingine pembeni ya daftari lake. Sikumwuliza ni ya nini.

Ilikuwa mwisho wa Mei 2024. Siku ya pili mama yake alifika shuleni. Alikuwa ametayarisha mita 10 kwa 10, apandikize tomate mwanzoni mwa mwezi wa sita, avune kuanzia katikati ya mwezi wa nane, wakati tomate zimekosekana sokoni na bei imepanda. Alikuwa amekwisha kopa kwenye kikundi cha akiba, amenunua mbegu na dawa, na miche ilikuwa tayari kwenye kitalu.

"Mwalimu," akasema, "ni wewe umetuma mtoto aniambie tomate yangu itakufa?"

"Hapana, mama. Nimemfundisha kuzidisha tu."

"Basi zidisha na unifomu mbili, na deni ya kikundi, uniambie itatoka wapi."

Sikuwa na jibu la haraka. Mama alikuwa na haki. Si kweli kwamba watu wanapanda tomate za kiangazi kwa sababu hawajui hesabu. Wanapanda kwa sababu ndipo kuna pesa. Lakini tukiuliza kwa nini bei inapanda mwezi wa nane, jibu ni moja: maji hayapo. Bei ya kiangazi ni bei ya maji, na yule anayeyabeba ndiye anayeilipa kwanza. Katika nyumba ile wabebaji walikuwa wawili, kaka mkubwa mwenye baiskeli ya kuazima, na yule msichana wa P5 na bidoni yake ndogo ya lita 10.

Tulikaa chini ya mti tukahesabu. Mita 100 za mraba wakati wa maua na matunda ni karibu lita 575 kwa siku, yaani bidoni 29. Baiskeli inabeba bidoni nne. Safari saba na zaidi kila siku, na kila safari ina mstari wake kwenye robine. Kisha tukahesabu maji ya nyumbani. Kipimo ambacho UNHCR inakilenga katika kambi zilizotulia ni lita 20 kwa kila mtu kwa siku. Nyumba ya watu sita ni lita 120, bidoni sita tu, za kunywa, kupika, kuoga na kufua. Na hizo ni siku ambazo maji yanatoka vizuri. Tomate peke yake zingekunywa maji ya karibu siku tano za nyumba nzima, kila siku.

Mama akanyamaza. Halafu akauliza swali ambalo mimi sikulifikiri: "Mche mmoja unakunywa ngapi?"

Hilo njo swali lenyewe la mkulima wa kubeba maji. Miche ikipandwa sentimita 60 kwa 50, kila mmoja una sehemu kama theluthi moja ya mita ya mraba, tuseme 0.3. Wakati wa maua na matunda unataka lita moja na nusu mpaka karibu lita mbili kwa siku. Akasema, "Basi nianze na maji niliyo nayo, halafu nijue miche." Tukageuza hesabu. Kwa siku nyumba yake inamwaga kama bidoni mbili za maji ya kuosha vyombo, mboga na nguo. Kaka anaweza kuongeza bidoni moja na nusu au mbili za robine bila kuua siku. Jumla kama lita 70. Hiyo inatosha miche 40.

Miche 40 badala ya 330. Haikuwa habari nzuri kwake, na nilimwona usoni. Lakini miche iliyobaki kwenye kitalu hakuitupa. Aliiuza kwa watu wenye mashamba karibu na ziwa, wanaoweza kuchota kwa urahisi zaidi, akarudisha sehemu ya deni kabla hata ya kupanda. Zile mita nyingine za mraba akaziacha zingoje mvua ya mwezi wa tisa, apande maharage.

Sasa niseme alivyofanya na miche ile 40, kwa sababu kuna mambo ambayo kila nyumba inaweza kuiga.

Kwanza, alichimba tuta la kushuka chini kidogo, si la kuinuka. Tuta la kuinuka ni zuri wakati wa mvua nyingi, maji yasituame kwenye mizizi. Wakati wa kiangazi linakauka haraka. Tuta lililoshuka kama kiganja kimoja linashika kila tone.

Pili, alifunika udongo kwa nyasi kavu, unene wa vidole vinne hivi. Miche ikiwa bado midogo, maji mengi hayaendi kwenye mmea, yanavutwa na jua kutoka udongo ulio wazi. Nyasi zinazuia hilo. Lakini usizibananishe na shina, na angalia mchwa, hapa wako wengi.

Tatu, hakumwaga kidogo kidogo kila siku. Maji ya juujuu yanafundisha mizizi kukaa juu, na siku robine ikikauka mmea unaanguka. Miche ilipokwisha shika, alitoa lita 3 kwa mche kila siku ya pili, polepole, chini ya shina. Jumla ni ileile, lakini maji yanashuka na mizizi inayafuata. Kwenye udongo wa mchanga fanya mara nyingi zaidi, kidogo zaidi, sababu mchanga hauweki maji. Udongo wa mfinyanzi unaweka siku nyingi.

Nne, alipima kwa mkono kabla ya kumwagilia. Chimba kina cha kidole kirefu, chukua udongo, ukaze kwenye ngumi. Ukishikana kama donge, ngoja kesho. Ukimomonyoka, mwagilia leo. Kipimo hiki hakina bei, na kinaokoa bidoni nyingi kuliko mashine.

Tano, alimwagilia asubuhi na mapema au jioni, na hakulowesha majani. Majani ya tomate yaliyolowa yanakaribisha ukungu, ule unaochoma majani na kuyafanya meusi.

Juu ya maji ya kuosha, wengi wameniuliza kama hayaui mboga. Maji ya sabuni ya kawaida, yakimwagwa udongoni na si kwenye majani, tomate inayavumilia, na ni vizuri kubadilisha: leo ya kuosha, kesho safi. Usitumie maji yenye dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Usitumie maji ya kufulia nguo za mtoto mchanga zenye uchafu wa choo. Na mboga ya kuliwa mbichi usiipe maji ya kuosha hata kidogo.

Kila mboga ina tabia yake na kiu. Tomate haipendi leo njaa kesho karamu. Ikikauka sana halafu ikapewa maji mengi, matunda yanapasuka, na yale yaliyopata kiu yakiwa madogo yanaoza kitako, doa jeusi chini ya tunda. Kabichi nayo ikipata maji ya ghafla baada ya kiu, kichwa kinapasuka. Kitunguu kina mizizi mifupi, kinataka maji kidogo lakini mara kwa mara, na majani yakianza kulala unaacha kabisa kumwagilia ili kikauke na kuwekeka. Lengalenga ni rafiki wa maskini: baada ya wiki nne mpaka sita unachuma, kwa hiyo inakunywa kwa siku chache. Tuta la mita 1 kwa 5 linataka lita 25 kwa siku, bidoni moja na robo, na linalisha nyumba.

Kuna na hesabu ya mvua. Tafuta kopo lenye kuta zilizonyooka, uliweke mahali wazi, mbali na paa na miti. Mvua ikiisha, ingiza rula ya mtoto. Ikionyesha milimita 10, kila mita ya mraba imepewa lita 10, kazi ya siku mbili. Kwa bustani ya miche 40, ambayo ni mita 12 za mraba, mbingu imekubebea bidoni sita. Pumzika. Paa nalo lisisahauliwe. Paa la mabati la mita 4 kwa 6, mvua ya milimita 10, ni lita 240. Hata zikipotea 40 njiani, zinabaki bidoni kumi, ukiwa na chombo cha kuzikinga.

Na kalenda inaokoa kuliko yote. Mche mdogo unakunywa kidogo na kitalu ni kidogo: mita moja ya mraba, lita 5 kwa siku. Basi panda kitalu katikati ya mwezi wa nane ukiwa bado kiangazi, upandikize mvua ikianza mwezi wa tisa, na ile kiu kubwa ya maua na matunda ikutane na mvua ya mwezi wa kumi na wa kumi na moja. Msimu mwingine, kitalu mwezi wa pili, kupandikiza mwezi wa tatu. Ni kweli mvua inaleta ukungu, kwa hiyo acha nafasi, simamisha miti ya kufungia, toa majani ya chini. Bei itakuwa chini kidogo kuliko ya kiangazi. Lakini safari za robine pia.

Neno moja kwa wenye mashamba karibu na ziwa. Ziwa Nakivale ni moja katika mlolongo wa maziwa ya mto Rwizi, na maji yake yanasafishwa na kupelekwa kwenye robine zetu. Tusilime mpaka ukingoni. Yale majani ya kando yanazuia udongo usiingie majini, na dawa tunayopulizia huku inaweza kurudi kwenye kikombe cha jirani.

Mtaniuliza mama yule alipata nini. Sitawadanganya kwamba alitajirika. Mwezi wa saba robine ilikauka siku tatu, na baadhi ya matunda yalioza kitako. Yaliyobaki aliyauza vizuri. Alimaliza deni ya kikundi, akanunua unifomu moja. Ya pili ilingoja msimu wa maharage. Msichana alichelewa siku kadhaa, hilo lipo kwenye rejista yangu, lakini mtihani wa mwisho wa muhula wa pili aliufanya wote, na kaka yake alirudisha baiskeli ya watu ikiwa nzima.

Kwa hiyo wazazi, naomba mambo mawili kabla ya kiangazi kinachokuja. Moja, kabla ya kukopa pesa ya mbegu, kaeni na watoto wenu mhesabu bidoni. Hesabuni zile za siku ya maua, si za siku ya kupandikiza. Waacheni watoto wafanye kuzidisha, wanaweza. Mbili, hesabu ikionyesha kwamba bidoni za mwisho zitabebwa na mtoto saa mbili asubuhi, punguzeni miche mpaka bidoni hizo zitoke kwenye hesabu.

Mwenye kutaka tupimie pamoja bustani yake, anikute shuleni jioni baada ya masomo. Aje na kamba, kopo na mtoto mwenye daftari. Mungu atupe mvua ya kiasi.